Sentensi Niliyoogopa Kuiandika Ubaoni

Muhula uliopita mlinialika, nikaja. Mkaniketisha nyuma ya darasa kwenye kiti kizuri kilichotolewa ofisini, mkawaambia watoto kwamba Madam Consolata amestaafu lakini macho yake bado yanaona. Yaliona kweli. Kipindi kilipokwisha nilichukua mkoba wangu nikaondoka. Chai yenu sikunywa, na yale maandazi mliyonikaangia niliyaacha mezani. Nasikia mlibaki mkiulizana huyu mama amekasirishwa na nini. Nawajibu sasa, kwa maandishi, kwa sababu nikisema kwa mdomo nitampigia mtu kelele na presha yangu haitaki kelele.

Aliyekuwa akifundisha siku ile ni Mwalimu Kevin. Kevin, sikufichi, ni wewe uliyenifukuza pale. Ulikuwa unafundisha sentensi za Kiingereza zinazoanza na If, na mwandiko wako ni mzuri, hilo nakupa. Halafu ukamtazama yule msichana wa dawati la mwisho, mwenye sweta iliyochanika kiwiko, ukaandika ubaoni kwamba kama Mercy angelala kwao, asingelala darasani. Watoto wakacheka mpaka mmoja akapiga dawati. Mercy naye akatabasamu, kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kuuweka uso wake.

Kisha ukanifuata mlangoni, umefurahi, ukaniambia, "Madam, hiyo njia si ni yako? Mwalimu wangu wa Kiingereza ulimfundisha wewe kwenye semina Homa Bay, miaka ya tisini. Alituambia tutie jina la mtoto kwenye sentensi. Ati akiudhika ndiyo atakumbuka."

Ni kweli. Njia ni yangu, na yale maneno ya mwisho ni yangu pia, neno kwa neno. Ndiyo maana nimekasirika hivi. Ningekuwa nimekuta ujinga wa mtu mwingine ningekunywa chai.

Basi nisikilizeni, ninyi mnaoshika chaki leo.

Mimi ni Mkuria wa upande wa Kehancha. Serikali ilinipeleka kufundisha Kiingereza katika shule moja ya sekondari nje ya Ndhiwa, na nilifika pale Kijaluo changu kikitosha kununua samaki na kuuliza njia. Mengine yote nilisema kwa Kiswahili. Kumbukeni hilo, kwa sababu linakuja kuwa na maana. Watu wakizungumza Kijaluo karibu yangu mimi niliendelea kusahihisha madaftari. Sikujisumbua. Nilisema nimekuja kufundisha Kiingereza, si kujifunza Kijaluo, na nilijiona mjanja.

Mwaka wa kwanza nilifundisha kutoka kitabuni kama nilivyofundishwa. Sentensi zilijaa theluji na treni na mabwana wenye miavuli. Mkuu wa idara yetu, Mwalimu Okelo, mzee mmoja mpole aliyevaa tai hata siku ya michezo, alisimama dirishani akisikiliza. Baadaye akaniuliza, "Madam, hawa watoto theluji wameiona wapi?"

Nikasema hawajaiona.

"Na wewe?"

"Mimi pia sijaiona."

"Basi mnadanganyana nyote humo ndani." Akacheka, akanivutia kiti. "Watie wenyewe kwenye sentensi. Mtoto akisikia jina lake, kichwa kinaamka."

Yeye alifanya hivyo kwa upole. Alikuwa na mvulana anaitwa Otieno aliyewaogopa ng'ombe, na Otieno mwenyewe ndiye aliyewachekesha wenzake kwa hadithi hizo. Mwalimu Okelo akaandika kwamba, ili kumkamua ng'ombe, lazima Otieno kwanza amsogelee. Otieno alicheka kuliko wote. Angalieni tofauti hiyo, sikuiona miaka minane.

Niwape pia ufundi, msije mkasema mama huyu alituandikia hasira tupu. Sentensi zinazoanza na To msizianze kwa kanuni. Anzeni kwa swali moja: nani? Mtoto mmoja aliniandikia kwa Kiingereza kwamba, ili kuwahi soko la Oyugis, kuku walifungwa miguu alfajiri. Nikamwita mbele. "Nani anayewahi soko?" "Ni mama, Madam." "Mama yuko wapi hapa?" Akatafuta. "Hayuko." "Basi kwa Kiingereza chako kuku ndio wana haraka ya kufika Oyugis." Darasa likaanguka kwa kicheko, na tangu siku hiyo hakuna aliyemsahau mwenye safari. Kila mara niliuliza nani, nani, nani, mpaka wakanipachika jina hilo, Madam Nani.

Na If tatu msizifundishe wiki moja, jamani. Mnakimbilia wapi? Ya kwanza ni ya mvua: ikinyesha tutalowa. Ipe wiki yake. Ya pili ni ya mtu anayeota akiwa macho. Ya tatu ni ya jambo lililokwisha kupita, mtu anatamani lingekuwa vingine na haliwezi kuwa vingine. Hiyo nendeni nayo polepole, ndiyo inayoumiza. Mwacheni mtoto aiseme kwanza kwa lugha ya mama yake, kisha kwa Kiswahili, ndipo aivushe kwenye Kiingereza. Halafu darasa zima lisome ubaoni kwa sauti mara tatu. Kitu kilichosomwa na watoto arobaini mara tatu hakitoki kichwani.

Nilijua hakitoki. Nilikifanya kwa makusudi.

Sasa nawaambia nilivyoiharibu njia ya Mwalimu Okelo. Kicheko cha darasa ni kitamu, na mwalimu akikionja mara moja anakitafuta tena kesho. Nikaanza kuchagua majina. Aliyeshika mkia, jina lake ubaoni. Aliyesinzia, ubaoni. Aliyevaa viatu vya kaka yake, ubaoni. Alama zilipanda, mwalimu mkuu akanisifu, na mimi nikajiita mchekeshaji. Mwalimu Okelo aliniambia mara moja tu, "Madam, punguza chumvi." Nikamjibu kwamba mboga zangu zinalika.

Awuor alikuwa kidato cha nne. Msichana mrefu, mkimya, kichwa kizuri sana cha Kiingereza. Mwaka ule alianza kuchelewa. Leo dakika kumi, kesho nusu saa, Jumatatu nyingine haji kabisa. Nilimwuliza mbele ya wenzake kwa nini anachelewa. Hiyo ilikuwa namna yangu ya kuuliza, mbele ya wenzake. Akasema, "Pole, Madam." Mimi nikahesabu hilo kuwa jibu.

Ilibaki wiki tatu mtihani wa taifa uanze. Asubuhi hiyo nilikuwa ubaoni na If ya tatu Awuor alipoingia, kengele imelia zamani, sketi yake imelowa hadi magotini. Nikadhani ni umande wa njiani. Sikumkaripia, nilikuwa na kitu kitamu zaidi. Nikageuka nikaandika kwa herufi kubwa kwamba kama Awuor angalijali, angalifika mapema. Nikaweka chaki chini, nikasubiri kicheko changu.

Hawakucheka.

Watoto arobaini wakatazama madawati yao. Na mimi, mwalimu mwenye miaka minane ya kazi, mnajua nilifikiri nini? Nilifikiri hawajaelewa. Nilifikiri sentensi imewapita kwa sababu ni ngumu. Basi nikawaeleza kwa Kiswahili, taratibu, nikipiga ubao kwa kidole. "Sentensi hii inatuambia mambo mawili. Moja, Awuor hakufika mapema. Mbili, Awuor hakujali. Tumeelewana?" Kisha nikasema, "Someni wote, mara tatu."

Wakasoma. Mara ya kwanza walinong'ona, nikawafokea wapaze sauti. Wakapaza. Awuor alikuwa bado amesimama karibu na mlango, sikuwa nimemwambia aketi, naye akasoma pamoja nao. Mara zote tatu. Matamshi yake yalikuwa safi kuliko ya wote.

Kesho yake hakuja. Kesho kutwa hakuja.

Siku ya tatu Mwalimu Okelo alinikuta peke yangu katika ofisi ya walimu. Hakuketi. "Madam, uliwasomesha nini wale watoto?"

Nikamwambia, bado nikitabasamu kidogo. Akavua miwani. "Mama yake Awuor yuko kitandani tangu Februari. Hawezi kusimama. Yule mtoto anamwogesha, anafua malazi mtoni kila alfajiri, ndipo anakuja kwako. Darasa lote linajua. Walimu wote wanajua."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tulilizungumza humu humu, kwa Kijaluo. Hukuuliza," akasema. "Na ugonjwa wenyewe, Madam, ni ule ambao watu hawautaji."

Miaka ile ugonjwa huo ulikuwa unamaliza nyumba moja baada ya nyingine kwetu, kutoka Migori mpaka ufuoni, na watu walisema tu fulani anaumwa. Wengine walisema ni chira, mkosi wa aliyevunja miiko. Hakuna aliyetaka jina lake lisikike karibu na ugonjwa ule. Mimi nilikuwa nimeliandika la Awuor kwa herufi kubwa. Niliwakasirikia walimu wenzangu siku hiyo na bado nimewakasirikia, kwa sababu midomo walikuwa nayo. Lakini mzee alisema kweli. Madam Nani aliuliza nani kwa kuku, kwa Awuor hakuuliza.

Nikaenda kwao. Boda boda ya baiskeli ilinifikisha nusu ya njia, iliyobaki nikatembea kati ya mashamba ya miwa. Nilikuta boma dogo lililofagiwa vizuri, mashuka yameanikwa juu ya ua. Mama mtu alikuwa amelala kwenye mkeka mlangoni, apate jua. Alikuwa amekonda mpaka sikujua nimtazame wapi. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, maana zamani aliuza nafaka Rodi Kopany.

"Wewe ni Madam ya Kiingereza?" akaniuliza. "Karibu, karibu. Nyathina anasema wewe nafundisha mzuri sana." Ndivyo alivyomwita, mtoto wangu. Alinipa mkono, mwepesi kabisa. "Lakini Madam, shule nafunguliwa lini? Awuor anasema walimu wamefunga kidogo. Mimi nataka yeye asome. Mimi nitaenda, lakini yeye asome."

Kumbe mtoto hakumwambia mama yake neno. Alinifichia aibu yangu, na mbele ya mama yake akanipa sifa. Nilikuwa nimekuja kukiri, nikameza.

"Inafunguliwa kesho, mama," nikasema.

Awuor alitokea nyuma ya nyumba, mikono imejaa povu. Alinisalimia kwa heshima zote, akaniletea kigoda, akanipikia uji. Wakati wa kuondoka alinisindikiza, kama mgeni anavyosindikizwa, mpaka pale miwa inapoanza. Hapo nikasimama. Nikamwambia, "Awuor, nilikosa. Nisamehe."

"Madam, wewe ni mwalimu wangu, siwezi kukataa," akasema. "Lakini walisoma mara tatu. Nikiingia darasani nasikia bado wanasoma."

"Nifanye nini?"

"Wasome ingine."

"Ipi?"

"Yako, Madam. Andika yako, na jina lako. Wasome mara tatu, halafu mimi nitaketi nifanye mtihani wangu."

Nikamwahidi. Tena nilimshika mkono nikamwahidi. Njiani nilikuwa tayari nimeitunga, ilinichukua dakika moja. Kwa upande wa mama yake, Mwalimu Okelo alizungumza na akina mama wa kanisa, Wakatoliki na Waadventisti kwa pamoja, wakapanga zamu za kumwangalia. Kila kitu kikawa tayari. Kilichobaki ni mimi na kipande cha chaki.

Asubuhi Awuor alikuja. Alikuja kabla ya kengele, sketi kavu, akaketi dawati la mbele. Nikaingia. Nikafuta ubao ambao ulikuwa tayari safi. Nikainua chaki, nikaandika If, nikaandika Madam, na mkono ukasimama. Nyuma yangu nilisikia mtoto mmoja akivuta pumzi ile ya kujiandaa kucheka. Labda hakuwa anajiandaa kucheka, labda alikuwa na mafua, sitajua. Niliona wakilisoma jina langu mara tatu kwa sauti, niliona dirisha lile na mwalimu mkuu akipita, niliona likisimuliwa Ndhiwa nzima kufikia jioni.

Nikachukua dasta nikafuta. Nikasema, "Fungueni ukurasa wa sitini."

Hamjanisoma vibaya. Watoto wangapi niliwaning'iniza ubaoni kwa miaka minane, na mimi sikuweza kukaa pale dakika moja. Woga mtupu. Mpaka leo nikikumbuka nataka kujizaba kofi.

Awuor alifungua ukurasa wa sitini. Alijibu zoezi lote, akaweka daftari mezani kwangu, na saa ya mapumziko akaenda nyumbani. Wiki mbili zilizobaki hakuja. Nilituma watu, nilimtuma Mwalimu Okelo, Awuor akawaambia wote kwa adabu kwamba anashukuru. Mwenyewe sikwenda tena, ningekwenda na uso gani?

Wiki ya mtihani akaja. Karatasi za Kiingereza zilitangulia, na alizifanya zote. Sisi walimu wa somo hatukuruhusiwa kukaribia chumba, kwa hiyo nilisimama langoni. Alipotoka baada ya karatasi ya mwisho alinijia moja kwa moja.

"Nimejibu zote, Madam," akasema. "Kina If na kina To, zote nimejibu." Akanipa mkono. "Sasa naenda kwa mama."

Nilimwambia, "Kesho kuna Hisabati." Hilo tu ndilo nililopata kusema. Akaitikia kwa kichwa. Kesho yake dawati lake lilikuwa tupu, na siku zote zilizofuata.

Matokeo yalipobandikwa, Kiingereza cha Awuor kilikuwa cha kwanza shuleni. Masomo mengine yote yalionyesha hakufika, na asiyefika hapewi cheti. Alifanya Kiingereza peke yake, Kevin. Kile tu nilichosema hakukijali. Mama yake alizikwa kabla ya Krismasi, na Awuor akachukuliwa na shangazi yake huko ufuoni. Nimeuliza Mbita, nimeuliza Karungu. Sijui aliko. Nimechelewa sana kujifunza kuuliza.

Na mimi nikapewa zawadi. Ndiyo, zawadi, siku ya wazazi, themosi kubwa yenye maua mekundu, mwalimu mkuu akisema Kiingereza kimetubeba. Nilimpa bawabu themosi hiyo siku hiyohiyo.

Halafu wakanipeleka Homa Bay kuwafundisha walimu wengine siri ya ushindi. Ukumbi wa kanisa ulijaa. Nikafundisha yote, majina, sauti, mara tatu. Mwalimu mmoja mwanamke, mdogo, aliyeketi karibu na dirisha, akainua mkono akauliza, "Lakini Madam, mtoto hawezi kuudhika?"

Pale mlango ulifunguliwa kabisa. Ningesema Awuor, jina moja tu, na njia hii ingefia katika ukumbi ule. Nikatazama zile nyuso zikinisubiri. Nikasema, "Akiudhika ndiyo atakumbuka." Wakacheka sana, na nikaona kalamu zikiandika.

Hiyo ndiyo sehemu niliyoacha kuisema Homa Bay, nami nawaletea leo. Mwalimu wako alikufikishia semina yangu nzima, Kevin, ila hakuweza kukufikishia kile nilichoficha.

Sasa fanya hivi, na usiniambie una vipindi vingi. Kesho usiliandike jina la Mercy popote. Nenda kwao ujue halali kwa nini. Uliza taratibu, usiulize mbele ya wenzake. Kisha rudi darasani, andika sentensi yenye jina lako wewe, na waache wasome. Wakicheka, simama hapohapo mpaka wamalize.

Mimi sikusimama. Yangu niliyoifuta naiandika hapa, kwa Kiswahili, kwa sababu Kiingereza chake Awuor anakijua. Kama Consolata angaliuliza, angalijua. Isomeni wote mara tatu, na mpaze sauti.